Nimekula chakula cha jioni kwenye giza totoro Zürich, wahudumu ni watu wasioona

#1 Mwana_Pangani

Wakuu, heshima kwenu.

Nimerudi juzi kutoka Uswisi, nilikokwenda kwa mafunzo ya wiki mbili ya mambo ya maji pale Dübendorf, pembeni mwa jiji la Zürich. Picha za ziwa na milima mmeshaziona za kutosha kwa watu wengine. Mimi nataka kusimulia jioni moja ambayo sina hata picha yake moja, kwa sababu simu tuliziacha kabatini mlangoni.

Mkahawa unaitwa blindekuh. Ni Kijerumani, "ng'ombe kipofu", jina la ule mchezo wa watoto wa kufungwa kitambaa machoni na kuwasaka wenzio. Upo Mühlebachstrasse, eneo la Seefeld, na umefunguliwa tangu Septemba 1999. Mmoja wa walioanzisha ni mchungaji asiyeona, Jürg Spielmann. Wageni waliokula nyumbani kwake walikuwa wakifungwa vitambaa machoni, wapate kula kama anavyokula yeye. Ikaundwa taasisi, Blind-Liecht, ukafuata mkahawa. Mwaka 2005 wakafungua wa pili Basel.

Tulikwenda watano. Sebule ya mbele ina taa kama kawaida. Pale ndipo unapochagua chakula, au unasema uletewe chochote ukakitambue mwenyewe mezani. Unaacha simu, unaacha saa yenye mishale inayong'aa, unaacha kiberiti. Akaja mhudumu wetu, mama wa makamo, haoni kabisa. Akatupanga msitari, kila mmoja mkono begani kwa aliye mbele yake, kama watoto wanavyocheza treni, yeye ndiye kichwa cha treni. Tukapita pazia zito, tukakata kona, pazia jingine. Hapo taa ikawa imekwisha.

Wakuu, mimi nimekulia Pangani, umeme ukikatika najua giza ni nini. Lakini giza letu lina nyota, lina mwanya wa mlango, lina jirani mwenye kibatari. Lile halina kitu. Ukifumba macho na ukiyafumbua ni sawasawa. Nilikaa dakika tano nikingoja macho yazoee, na hayakuzoea. Mwenzetu mmoja, dada wa Bukoba, pumzi zilianza kumwenda mbio, akasema anataka kutoka. Yule mama aliposikia tu sauti yake alikuja moja kwa moja mpaka kwenye kiti chake, hakugonga meza wala mtu, akamshika mkono, akamwambia: niite wakati wowote, nitakutoa, hakuna aibu. Akabaki. Alikula mpaka mwisho.

Maji ya kunywa yako kwenye chupa, unajimiminia. Mama alitufundisha: ning'iniza ncha ya kidole ndani ya glasi, maji yakigusa kidole acha. Supu ikaja kwenye kikombe. Halafu sahani, akasema kwa Kiingereza nyama iko kwenye "three o'clock", viazi kwenye sita, mboga kwenye tisa. Nikamtafsiria mwenzangu wa Kigoma ambaye Kiingereza chake ni kidogo: "Nyama iko saa tatu." Akapeleka uma kushoto, akakuta karoti. Nikarudia, saa tatu! Akarudia kushoto. Ilichukua muda kung'amua kwamba yeye yuko sahihi: saa tatu yetu mshale unasimama kwenye tisa.

Baada ya dakika kumi uma niliuweka pembeni. Nikanawa kwa kitambaa nikala kwa mkono, kama nyumbani. Mkono unajua: hiki cha moto, hiki laini, hiki kina mfupa. Wazungu wa meza ya jirani nao niliwasikia wakiambizana kwamba wameacha visu.

Kilichonifanya niandike uzi huu kwa kweli ni mjomba wangu.

Mjomba ana miaka 19 haoni, presha ya macho ilimchukua jicho moja kisha la pili. Tunaishi naye, tunampenda, hajawahi kulala njaa hata siku moja. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye lile giza, mama yule kila anapokuja anataja jina lake kwanza, anasema anapitia bega la kulia, anasema sahani imetua, anasema kilichomo na kilipo. Nikajiuliza, hivi mjomba tunamwambia nini? Tunaweka sahani mbele yake, tunasema "karibu, mjomba", basi. Miaka 19. Anapapasa mwenyewe mpaka ajue leo ni dagaa au maharage. Watoto wanapita uani, "shikamoo babu", anaitika "marahaba", na hajui ameitikia nani kwa sababu hakuna anayejitaja.

Nililia kwenye lile giza. Hakuna aliyeniona.

Nawauliza wenye ndugu wasioona, na wenyewe wasioona kama wamo humu: nyumbani kwenu mnafanyaje mezani? Nataka kujifunza kabla sijaenda Pangani mwisho wa juma.

#2 Wanjiku_wa_Ruiru

Kaka, uzi umenigusa. Niko na swali la mfuko: ni pesa ngapi? Na lazima mtu abuku mapema?

#3 Mwana_Pangani

Dada Wanjiku, Uswisi kula nje ni ghali. Safari ile mtu mwenye faranga 100 alikaa kwa raha, akarudi na chenji. Kubuku ni lazima, hasa Ijumaa na Jumamosi. Na katika kubuku hapohapo useme kama kuna chakula kinachokudhuru.

#4 Sheikh_wa_Wete

Assalaam alaykum. Mimi nipo Muscat kikazi, asili yangu Pemba. Swali langu ni la halali. Sisi tukila mahali pageni jicho ndilo mlinzi wa kwanza: unaona nyama, unauliza. Gizani utajuaje kama si nguruwe? Na mchuzi, je, kama umetiwa mvinyo, maana mapishi ya kule mvinyo humwagwa sufuriani kama sisi tunavyotia tui?

#5 Mwana_Pangani

Wa alaykum salaam, sheikh. Swali zuri, na mimi mwenyewe lilinihusu. Kitendawili cha kuletewa chochote sikukikubali. Nilichagua kwenye taa, nikauliza pale sebuleni swali kwa swali, nyama ya nini na mchuzi una nini. Mwenzangu mwingine, naye Mwislamu, alichukua mboga tupu, maana halali si kuwa ng'ombe tu, ni na kuchinjwa. Kusema kweli yeye ndiye aliyefanya sahihi. Mimi nisingerudia nyama.

Jiko lenyewe lina taa na wapishi wanaona, giza ni la ukumbini.

#6 Nesi_Macho

Nimefanya kazi kliniki ya macho miaka mingi, niongeze hapo pa "macho hayakuzoea". Ukiingia chumba chenye giza, ndani ya jicho kuna seli za kuonea gizani ambazo huamka polepole, kama nusu saa hivi mpaka zifikie nguvu yake yote. Lakini hata zikiamka zinahitaji mwanga kidogo wa kufanyia kazi. Mwanga ukiwa sifuri, ungekaa mpaka asubuhi usingeona. Wengine huona vimulimuli au rangi zinazotembea. Si maono, ni jicho na ubongo vinajichezea vyenyewe.

Na huyo mjomba, tafadhali: presha ya macho ina tabia ya kutembea kwenye ukoo. Wewe mpwa wake na ndugu zako mkapimwe. Haiumi, haiwashi, inakula pembeni mwa macho taratibu na mtu anakuja kushtuka wakati kilichopotea hakirudi. Ukienda Pangani kwa mjomba, pitia na hospitali.

#7 Mwana_Pangani

Dada, hili sikuwa nalijua. Nitakwenda. Mungu akuzidishie.

#8 Sauti_ya_Dodoma

Mwana Pangani, umeuliza kama sisi tumo humu. Tumo. Mimi sioni tangu nikiwa na miaka minne, uzi wako nimeusikiliza wote kwa programu inayonisomea simu, hata ile mistari ya chini iliyomo kwenye majina yetu inaitamka mmoja mmoja.

Nitakujibu, lakini kwanza nina neno, na sitalifunga kwenye karatasi ya sukari.

Nimesikia habari za mikahawa hii miaka mingi. Watu hutoka huko wakisema "sasa najua kuwa kipofu ni nini". Hapana. Wewe umejua kuzimiwa taa ni nini. Saa mbili za mtu anayeona akiwa gizani ni saa mbili za hofu, kwa sababu hana mafunzo, hana mazoea, na mwili wake unangoja taa irudi. Mimi siishi kwenye hofu hiyo. Asubuhi naamka, nachemsha chai, nashika fimbo nyeupe, nakwenda stendi, na kinachonisumbua njiani si giza, ni mtaro usio na mfuniko na bodaboda iliyoegeshwa juu ya njia ya miguu. Mtu akitoka mkahawani na huruma tu, akirudi mtaani kwake atanionea huruma zaidi na kazi asinipe.

Ila uliposema yule mama alikuja moja kwa moja kwa dada aliyekuwa anahema, hapo nilisimamisha simu nikarudia kusikiliza. Hilo ndilo jambo. Kuna ukumbi mmoja duniani ambamo mtu asiyeona ndiye mjuzi, na wanaoona ndio wanaoshikwa mkono, na yeye analipwa mshahara kwa ujuzi huo. Mimi nimesoma Buigiri, shule ya wasioona, nikaendelea mpaka chuo, nina cheti cha ualimu, na nilikaa nyumbani miaka sita kila ofisi ikiniambia "tutakupigia". Kwa hiyo ukiniuliza mkahawa ule una faida gani, nitakwambia usihesabu wageni wangapi wamelia. Hesabu wangapi wasioona wanapokea mshahara mwisho wa mwezi.

Sasa majibu ya mezani.

Saa: usiseme saa. Nyumbani kwangu tunasema namba, ile iliyoandikwa kwenye uso wa saa. "Wali kwenye namba sita, samaki namba tatu, mchicha namba tisa." Hapo Mswahili hatachanganya, maana namba haina asubuhi wala jioni. Kwanza lakini muulize mjomba kama alipata kuizoea saa ya mishale. Kama hakuizoea, mwambie kushoto, kulia, karibu na wewe, mbali na wewe.

Cha moto kitajwe kabla hakijatua. Chai isiwekwe ukingoni. Ukishaweka kitu usikihamishe kimyakimya. Hii ya mwisho ndiyo inayotuchosha kuliko zote: mtu wa nyumbani anasogeza kikombe ili asikimwage mgeni, hasemi, mimi napeleka mkono pale nilipokiacha.

Mtu ajitaje. Usimwambie "nibashirie mimi nani". Watu wanapenda sana mchezo huo. Sisi hatuupendi.

Na mwache ale mwenyewe. Kumwelekeza ni kitu kimoja, kumlisha ni kingine.

#9 Wanjiku_wa_Ruiru

Mwalimu Sauti, hapo pa "tutakupigia" nimenyamaza. Mamangu mdogo alisoma pale Thika, shule ya wasioona. Ni mkarimu sana na anasoma nukta nundu, yale maandishi ya wasioona, haraka kuliko vile mimi nasoma gazeti. Kazi alipata akiwa na miaka 38. Asante kwa kusema wazi.

#10 Mtoto_wa_Ujerumani

Mimi ninaishi Köln. Huku ulifunguliwa mkahawa wa aina hiyo mwaka 2001, jina lake unsicht-Bar, nao wahudumu wake walikuwa hawaoni. Mzizi wa mambo haya lakini si chakula. Mwaka 1988 bwana mmoja, Andreas Heinecke, alianzisha Frankfurt maonyesho ya gizani: vyumba vimetiwa giza, kimoja kama bustani, kingine kama barabara ya mjini, na anayekuongoza ni mtu asiyeona. Alikuwa akifanya kazi kwenye kituo cha redio, akapewa kumfundisha kazi mwenzake aliyepoteza macho, na kilichomshtua ni jinsi alivyokuwa amemdhania. Maonyesho hayo yakasambaa nchi nyingi. Mikahawa ikafuata: Zürich 1999, Paris 2004, London 2006, na mingine mingi.

Mwalimu Sauti, jambo lako la kazi ndilo lilikuwa kwenye msingi wake tangu mwanzo. Ila si kila mwenye mkahawa amelishika.

#11 Dereva_wa_Toronto

Ndugu wa Köln kasema kweli. Mimi nilipelekwa na kampuni kwenye mkahawa wa gizani katika mji mmoja wa huku Amerika, jina sitalitaja. Wahudumu wote walikuwa wanaona, wamevaa miwani ile ya kuonea usiku kama ya wanajeshi. Chakula kizuri, giza kweli. Lakini nilikaa nikiwaza kwamba mimi sioni na kuna mtu ananitazama ninavyopapasa. Sikula vizuri. Niliposoma habari ya yule mama wa Zürich ndipo nikaelewa kilichokuwa kinanikera: kule wote mko sawa mezani, na anayewazidi anawazidi kwa ujuzi.

#12 Mpishi_wa_Kibokoni

Salamu toka Mombasa, Mji wa Kale. Mimi ni mpishi, nataka kujua chakula jamani, mmenipita! Mwana Pangani, ladha ilikuwaje? Watu husema gizani ladha huzidi.

#13 Mwana_Pangani

Mpishi, nitakwambia nilivyoonja, si walivyosema watu.

Haikuzidi. Ilipotea kwanza. Supu niliapa ni ya viazi vitamu, kumbe ni maboga. Karoti nilizijua kwa mlio wa meno. Nyama nilijua ni ng'ombe kwa nyuzi zake ulimini, lakini mwenzangu alisema ni kondoo na hatukuafikiana mpaka tulipotoka kwenye taa tukauliza. Mvuke nao, ukiinamia sahani unakuja wote usoni, harufu inafika kabla ya tonge. Kisha kikaja kitamu, kitu kama wali uliopikwa kwa maziwa, na hapo pua ilifanya kazi yake: iliki! Nilisema kwa sauti, "Iliki!", na dada wa Bukoba akacheka. Katika meza nzima kitu pekee nilichokijua bila kusita ni kile nilichokisikia jikoni kwa mama yangu tangu utoto.

#14 Mpishi_wa_Kibokoni

Hilo la kupotea ndilo sahihi, na lina ushahidi. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, walitoa jaribio la wanafunzi 54 wa fani ya mvinyo. Walichukua mvinyo mweupe wakautia rangi nyekundu isiyo na harufu wala ladha. Wanafunzi wakaueleza kwa maneno yale yale wanayotumia kwa mvinyo mwekundu. Wale ni watu wanaosomea kuonja! Jicho lilikuwa limeshawaambia, ulimi ukatii.

Mimi kwangu hilo linahusu biriani. Mteja akiona wali hauna rangi ya zafarani anasema haina ladha kabla hajatia mdomoni, na kuna wapishi wanamwaga rangi ya dukani kumridhisha. Zafarani halisi rangi yake ni ya kiasi, harufu ndiyo mali. Ningependa siku moja niwape wateja wangu biriani taa zikiwa zimezimwa, nijue nani ametia viungo na nani ametia rangi.

Na tena kwetu kula kwa mkono si jambo la dharura ya giza, Mwana Pangani. Vidole ndivyo vinavyoonja kwanza, vinajua wali umeiva au una kiini. Hilo Wazungu wa meza ya jirani wamelijua usiku ule, sisi tulizaliwa nalo.

#15 Sheikh_wa_Wete

Mpishi, ukifanya hiyo siku Mombasa uajiri wasioona wahudumu. Na nyama tutaijua imechinjwa wapi. Mimi nitapanda boti kuja.

#16 Sauti_ya_Dodoma

Mimi nitakuja na mke wangu. Yeye anaona. Nitamshika mkono.

#17 Mwana_Pangani

Wakuu, naleta mrejesho. Nimetoka Pangani jana.

Nimepimwa macho pamoja na wadogo zangu wawili. Mimi na mdogo wa kike tuko salama. Wa kiume presha imekutwa juu, ameanzishiwa dawa ya matone na anarudi baada ya mwezi. Nesi, sina la kukulipa.

Kwa mjomba nilifika Jumamosi jioni. Nilimwambia yote, giza, treni, yule mama. Alisikiliza kimya, akaniuliza mambo mawili tu: mama yule analipwa vizuri? Na meza zilikuwa zimepangwaje asigonge? Nikamweleza kadiri nilivyojua.

Chakula kilipokuja nikasema, "Mjomba, ni mimi. Sahani imetua. Wali namba sita, mchuzi namba tisa, samaki wa aina ya changu nimemweka namba kumi na mbili." Saa ya mishale anaijua vizuri, alikuwa karani bandarini Tanga. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema samaki asiwekwe kumi na mbili, ni mbali, mkono unapita juu ya wali. Awekwe namba tatu, upande wa mkono wake wa kulia.

Nikageuza sahani, nikamwambia nimeigeuza. Nikamuuliza kama nimtolee miiba. Akasema miiba anaitoa mwenyewe siku zote, ila ndimu ndiyo huwa haioni iko wapi, na ameshazoea kula bila ndimu.

Ndimu ilikuwa mezani. Kila siku huwa mezani. Nikamwekea namba moja.